Vilima vya makombe vya Amerika Kusini: uanzie Santa Catarina, Taperinha au Mlango wa Beagle?

Mwanafunzi wa akiolojia, au msomaji wa kawaida mwenye shauku, anayetaka kuwafahamu watu wa kale wa Amerika Kusini kupitia vilima vya makombe, hukabiliwa na wingi kabla hajakabiliwa na ugumu. Vilima hivyo vipo katika pwani ya Brazili kuanzia Rio Grande do Sul hadi Pará, vipo kandokando ya mito ya bonde la Amazoni, vipo katika nyanda za Bolivia zinazofurika kila mwaka, na vipo hata Tierra del Fuego, mahali ambapo bara linaishia. Umri wake, wajenzi wake na sababu za kuwapo kwake havifanani, na anayevisoma vyote kwa mkupuo mmoja hubaki na orodha ya miaka bila kuelewa vizuri hata kilima kimoja. Ni afadhali achague eneo moja, alizamie, kisha atoke humo kwenda kwingine.

Maeneo ninayoyalinganisha hapa ni matatu: masambaki, yaani vilima vya makombe, ya kusini mwa jimbo la Santa Catarina nchini Brazili, vilima vya maji baridi vya Amazoni ambavyo Taperinha ndicho mashuhuri zaidi, na malundo ya kome ya Mlango wa Beagle, kwenye ncha ya Argentina na Chile. Nimeyachagua kwa sababu kila moja linajibu kwa namna yake swali lililowagawa wataalamu kwa muda mrefu: je, lundo la makombe ni jalala la watu waliokula na kutupa, au ni jengo lililokusudiwa? Katika karne ya 19 wapo hata waliodai kwamba vilima vya Brazili ni kazi ya mawimbi ya bahari na kwamba mwanadamu hakuhusika. Dai hilo limekwisha kufa. Swali la jalala na jengo bado lina uhai.

Pwani ya Pasifiki nimeiacha kwa makusudi. Huaca Prieta ya Peru, iliyochimbwa na Junius Bird mwaka 1946 na 1947 na baadaye na kundi la Tom Dillehay, ni kilima cha ajabu, lakini makombe si kiungo chake kikuu. Na watu wa Chinchorro wa kaskazini mwa Chile, walioanza kuhifadhi maiti zao miaka 7,000 hivi iliyopita, umaarufu wao hautokani na vilima. Hao wanahitaji ulinganisho wao wenyewe.

Kwa nini makombe yanasema mengi kuliko udongo

Udongo wa nchi za joto zenye mvua nyingi una asidi, na asidi hiyo huila mifupa hadi isibaki kitu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya historia ya kale ya Brazili inasomwa kwa mawe na vigae tu, huku wenye mawe na vyungu hivyo wakiwa wametoweka wao wenyewe. Ndani ya kilima cha makombe hali hugeuka. Kombe ni chokaa karibu yote, na maji ya mvua yanapochuruzika kupitia humo hupunguzwa ukali, hata mifupa ya watu, miba ya samaki na vijiwe vidogo vya masikio ya samaki hudumu kwa maelfu ya miaka.

Chokaa hiyohiyo iliyovihifadhi ndiyo iliyoviponza. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua jinsi matumbawe yanavyochomwa tanurini ili kupata chokaa ya kujengea, hatapata shida kuelewa kwa nini wakoloni wa Kireno walivitazama vilima hivyo kama machimbo. Makombe ya masambaki yalichomwa kwa ajili ya majengo katika enzi ya ukoloni, na hata katika karne ya 20 yaliendelea kuchimbwa kwa ajili ya chokaa na kutandazwa barabarani. Sheria namba 3,924 ya mwaka 1961 ndiyo iliyoyapa masambaki ulinzi wa taifa kwa kuyataja kwa jina, lakini ilikuta mengi yamekwisha kugeuka kuta za makanisa na vumbi la njia.

Kuna jambo jingine la kuweka akilini kabla ya kupima umri. Baada ya enzi ya barafu bahari ilipanda, na katika pwani ya Brazili ilifikia kimo kilichozidi cha leo miaka 6,000 hadi 5,000 iliyopita, kisha ikarudi nyuma polepole. Fukwe walizotembea watu wa kwanza wa pwani hiyo sasa ziko chini ya maji. Kwa hiyo mtu anaposoma kwamba sambaki fulani la ufukweni ni la kale kuliko yote, aelewe kwamba ni la kale miongoni mwa yaliyosalia.

Santa Catarina: mlima wa wafu

Neno sambaqui, ambalo hapa naliandika sambaki ili lifuate sauti zetu, linatokana na lugha ya Kitupi na kwa kawaida hufasiriwa kuwa lundo la kombe. Watupi wenyewe hawakuyajenga masambaki. Walifika pwani baadaye, wakayakuta, wakayapa jina. Waliotangulia, ambao lugha yao haijulikani, wanaitwa tu watu wa masambaki.

Kusini mwa Santa Catarina, kuzunguka miji ya Laguna na Jaguaruna na Rasi ya Santa Marta, pwani ina maziwa mapana ya maji ya chumvi yaliyotengwa na bahari kwa matuta ya mchanga. Kando ya maziwa hayo ndiko yaliko masambaki makubwa kuliko yote. Mengine huzidi mita 20 kwa kimo, na kumbukumbu za zamani hutaja hata mita 30, yaani urefu wa ghorofa kadhaa uliopandishwa kwa vikapu vya makombe na mchanga na watu wasiokuwa na mfalme anayejulikana, mji wala mnyama wa kubeba mizigo. Kombe linalotawala ni lile dogo la mchangani ambalo wenyeji wa leo huliita berbigão na ambalo bado linaliwa katika pwani hiyo.

Sambaki lililobadilisha mjadala linaitwa Jabuticabeira II. Lina urefu wa mita 400 hivi chini yake, na wachimba makombe walikuwa wamelikata vibaya kabla wanaakiolojia hawajafika. Hapo msiba ukageuka nafasi: watafiti, wakiwamo Maria Dulce Gaspar, Paulo DeBlasis, Suzanne Fish na Paul Fish, walizisafisha kuta zilizoachwa na machimbo na kuzisoma tabaka kwa tabaka, kwa mapana ambayo uchimbaji wa kawaida wa shimo la mita mbili kwa mbili usingeweza kuyafikia. Walichokiona ni mpangilio unaojirudia. Kuna tabaka jembamba jeusi lenye makaburi, meko, mashimo ya nguzo zilizozunguka kaburi na mabaki mengi ya samaki. Juu yake kuna tabaka nene la makombe meupe lililomwagwa kufunika. Kisha tabaka jingine jeusi, na jingine la makombe, kwa zaidi ya miaka elfu moja, kipindi kilichoanza kabla ya miaka 2,000 iliyopita na kumalizika baada yake. Maiti zilikunjwa sana, mara nyingine baada ya nyama kuoza, zikawekwa katika mashimo madogo. Kwa kupima wingi wa makaburi katika kuta walizozisoma na kuuzidisha kwa ukubwa wa sambaki zima, walikadiria kwamba humo walizikwa watu takriban 43,000.

Nambari hiyo ni makadirio, na anayeitumia anapaswa kusema hivyo kila mara. Hata ikipunguzwa nusu, hata ikipunguzwa kuwa sehemu ya kumi, haibaki nafasi ya kuliita sambaki hilo jalala. Daniela Klokler, aliyechunguza mabaki ya wanyama wa Jabuticabeira II, alionyesha kwamba samaki waliomo katika tabaka jeusi ni mabaki ya karamu za mazishi: watu walikusanyika, wakazika, wakala, kisha wakafunika kaburi kwa makombe, na walipomzika mwingine wakafanya vilevile. Kilima kikakua kwa matanga. Sijaona neno la Kiswahili linalolifaa jambo hilo kuliko hilo, ingawa matanga yetu hayaachi mlima nyuma yake.

Katika makaburi ya masambaki ya kusini hupatikana pia mifupa ya nyangumi na, kwa nadra, sanamu za mawe zilizosuguliwa hadi zikang'aa, zenye umbo la samaki, ndege au nyangumi na kijishimo tumboni. Wanaakiolojia wa Brazili huziita zoolito, na zinapatikana hadi Uruguai. Nyingi, kwa bahati mbaya, ziliokotwa na wachimba chokaa na wakusanyaji, hivyo hatuwezi kusema kila moja ilikuwa katika kaburi lipi, karibu na nani.

Kuhusu chakula, Santa Catarina inamfunza msomaji kutoamini macho. Kilima ni cha makombe, lakini vipimo vya kikemia vya mifupa ya watu vinaonyesha kwamba walichokula zaidi ni samaki. Na katika ukoga wa meno ya watu wa masambaki ya eneo la Joinville, kaskazini mwa jimbo, imepatikana wanga ya mimea, ikiwamo ya viazi vya aina mbalimbali. Kombe lilikuwa chakula kidogo na kifaa kikubwa cha ujenzi. Huo ndio ugunduzi ninaouona kuwa mzito kuliko yote katika eneo hili, maana unamlazimisha mtu kutenganisha kile kinachodumu ardhini na kile kilichokuwa muhimu kwa walio hai.

Udhaifu wa eneo hili unatokana na nguvu yake. Tunawajua watu hawa wakiwa wanazika. Hatuwajui vizuri wakiwa nyumbani. Makazi yao ya kila siku hayajapatikana kwa kiwango kinacholingana na makaburi yao, na mtu anayetaka kujua jinsi familia moja ilivyoamka, ikapika na kulala ataondoka na njaa.

Taperinha na vilima vingine vya maji baridi

Karibu na Santarém, katika sehemu ya chini ya mto Amazoni, kuna kilima cha makombe ya kome wa mtoni kiitwacho Taperinha. Mwanajiolojia Charles Frederick Hartt alikizuru katika miaka ya 1870 na kuona vigae ndani yake, lakini ni Anna Roosevelt aliyekichimba upya katika miaka ya 1980 na kutangaza mwaka 1991, katika jarida la Science, kwamba vyungu vyake ni vya miaka 8,000 hadi 7,000 iliyopita. Wakati huo hivyo vilikuwa vyungu vya kale kuliko vyote vilivyojulikana katika Amerika nzima.

Uzito wa tarehe hiyo hauonekani mpaka mtu ajue kilichoaminiwa kabla yake. Kwa miongo kadhaa wanaakiolojia Betty Meggers na Clifford Evans, pamoja na Emilio Estrada, walifundisha kwamba ufinyanzi wa Amerika Kusini ulianzia Valdivia katika pwani ya Ekwado, na walipendekeza kwamba ulifika hapo na wavuvi kutoka Japani waliochukuliwa na mkondo wa bahari. Meggers alishikilia vilevile kwamba msitu wa Amazoni ulikuwa fukara mno kuweza kuanzisha utamaduni mkubwa. Vigae vya Taperinha, vyekundu-kahawia, vilivyochanganywa na mchanga na vichache tu vikiwa na michoro, viliyatikisa madai yote mawili kwa pamoja: ni vya kale kuliko vya Valdivia, na vimetoka katikati ya bonde lililodhaniwa kuwa la kupokea tu. Roosevelt alipima mkaa, makombe na vigae vyenyewe, na majibu yakaangukia kipindi kilekile.

Taperinha hakiko peke yake. Kilima cha Monte Castelo katika jimbo la Rondônia, zaidi ya kilomita elfu moja kusini-magharibi, kilichimbwa kwanza na Eurico Miller na baadaye na kundi la Eduardo Neves. Humo yamepatikana mabaki madogo mno ya mpunga wa mwituni, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kuanzia miaka 4,000 hivi iliyopita punje zilikuwa zikikua, dalili kwamba watu walikuwa wakiuchagua na kuuzoesha. Mpunga huo ni wa asili ya Amerika na hauhusiani na mpunga wa Asia tunaoupanda. Kilimo chake kilikwisha kusahauliwa. Katika nyanda za Moxos nchini Bolivia, Umberto Lombardo na wenzake walitangaza mwaka 2013 kwamba vijisiwa vidogo vya msitu, kikiwamo Isla del Tesoro, ni malundo ya konokono yaliyoachwa na watu, la kale kabisa likiwa la miaka 10,400 hivi. Utafiti wao wa mwaka 2020 uliongeza kwamba watu wa nyanda hizo walikuwa na muhogo na maboga zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Kwa hiyo anayevutiwa na asili ya vitu, yaani nani alifinyanga kwanza na nani alipanda kwanza, atavutwa na Amazoni, na vichwa vya habari vitamsukuma huko. Hata hivyo, ninasita kulipendekeza eneo hili kama pa kuanzia. Maeneo yaliyochimbwa ni machache, yako mbali sana moja na jingine, na kila jipya linaweza kubadilisha picha nzima. Anayeanza hapa hujikuta akishika tarehe kubwa tatu au nne zilizotenganishwa na msitu mpana, akijaza nafasi kati yake kwa mawazo yake mwenyewe. Ni somo zuri kwa aliyekwisha kujua tabaka la makombe linasomwaje.

Mlango wa Beagle: hapa ni jalala kweli

Upande wa kusini kabisa mambo ni baridi na ya wazi zaidi. Kuanzia mwaka 1975 Luis Abel Orquera na Ernesto Piana walichimba fukwe za Mlango wa Beagle karibu na Ushuaia, na mahali panapoitwa Túnel I walipata maisha ya watu wa bahari yaliyoanza zaidi ya miaka 6,000 iliyopita na kuendelea, bila mageuzi makubwa ya zana, karibu mpaka Wazungu walipofika. Watu hao waliishi katika vibanda vya matawi, wakala kome, wakatupa maganda kuzunguka kibanda. Kibanda kilipoondoka, maganda yalibaki yakiwa na umbo la pete yenye kishimo katikati. Ufukwe umejaa pete hizo, na mtu anaweza kusimama ndani ya moja na kujua kwamba amesimama mahali alipokaa mwenye nyumba.

Namna walivyochimba ndiyo sababu ninayoipa uzito zaidi. Orquera na Piana waliona kwamba lundo la kome linafanyika kwa vitupo vidogovidogo, kila kimoja kikiwa tukio la siku chache, nao wakakigawa kilima katika vipande hivyo vidogo na kuchimba kimoja baada ya kingine, badala ya kulikata lundo kwa sentimita kumi-kumi kama keki. Ni kazi ya kuchosha na ya miaka mingi. Matunda yake ni kwamba hapa mtu anaweza kuuliza maswali ya siku na majira, huku sehemu nyingine za bara zikiridhika na maswali ya karne.

Kome hawakuwa chakula kikuu hapa pia. Nguvu ya mwili, ambayo katika baridi ile ni suala la kuishi au kufa, ilitoka katika mafuta ya simba wa bahari na sili, waliowindwa kutoka kwenye mitumbwi ya magome ya miti kwa chusa lenye kichwa cha mfupa kinachochomoka mnyama anapochomwa. Kome walikuwa akiba: hawakimbii, wapo mwaka mzima, na mtu yeyote anaweza kuwaokota maji yanapokupwa, hata siku ambayo mawindo yamekosekana. Mtu aliyekulia ufukweni hahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la pekee la eneo hili ni kwamba watu wake hawakutoweka bila jina. Ni Wayagan, ambao pia huitwa Wayamana. Mmisionari Thomas Bridges, aliyeishi kati yao tangu karne ya 19, aliandika kamusi ya lugha yao yenye maneno takriban 32,000. Magonjwa yaliyoletwa na wageni na maangamizi ya sili yaliyofanywa na wawindaji wa ngozi yaliwapunguza vibaya. Cristina Calderón, aliyejulikana kama mzungumzaji wa mwisho aliyekulia katika lugha hiyo, alifariki mwezi Februari mwaka 2022. Wazao wa Wayagan wapo, nao wana la kusema kuhusu fukwe hizo. Kuwapo kwa maandishi na wazao ni utajiri, lakini pia ni mtego, maana ni rahisi kumchukua Myagan wa mwaka 1870 na kumvika miaka 6,000 ya wakazi wote waliomtangulia.

Tukiyaweka ubavu kwa ubavu

Kwa umri, Amazoni na Bolivia zinaongoza, Beagle inafuata, na masambaki makubwa ya Santa Catarina, kwa mshangao wa wengi, ni machanga zaidi, ingawa pwani ya Brazili kwa jumla ina masambaki yanayokaribia miaka 8,000. Ukubwa unakwenda kinyume na umri. Hilo peke yake linatosha kumwonya mtu asidhani kwamba kilima kirefu ni kilima cha kale.

Tarehe zenyewe hazina ugumu sawa. Kombe la bahari hujenga ganda lake kwa kaboni ya baharini, ambayo imekwisha kukaa majini muda mrefu, na hivyo kipimo cha umri cha kaboni 14 hulionyesha kuwa la kale kuliko lilivyo. Tofauti hiyo hukadiriwa na kurekebishwa kwa kila pwani. Kome wa mtoni na konokono wana tatizo la jamii hiyohiyo, linalotegemea mawe ya chokaa na maji ya mahali walipoishi, na kulirekebisha ni kugumu zaidi. Ndiyo maana msomaji wa ripoti yoyote ya vilima hivi aangalie kwanza kilichopimwa ni mkaa, mfupa au ganda, kabla hajaingia katika ubishi wa nani alitangulia.

Kwa wafu, hakuna mashindano. Santa Catarina ina mifupa mingi kiasi cha kuruhusu maswali ya afya, kazi, umri na undugu, ilhali Beagle ina makaburi machache na Taperinha hakisomwi kwa ajili ya makaburi. Kutokana na wingi huo ndipo uchunguzi wa vinasaba ulipoweza kufanyika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na kundi la Tiago Ferraz, Cosimo Posth na André Strauss ulisoma vinasaba vya watu wa kale 34 kutoka sehemu kadhaa za Brazili, wa zamani zaidi akiwa yule anayeitwa Luzio, aliyezikwa miaka 10,000 hivi iliyopita katika kilima kidogo cha konokono wa nchi kavu huko Capelinha, katika bonde la mto Ribeira. Ulionyesha mambo mawili yanayofaa kukumbukwa pamoja. Luzio, ambaye fuvu lake liliwafanya baadhi ya wataalamu wamdhanie kuwa wa kizazi tofauti kilichotangulia Wahindi Wekundu wa leo, ana asili moja nao. Na watu wa masambaki ya kusini na wale wa kusini-mashariki, ambao vilima vyao vinafanana kwa macho, hawakuwa ukoo mmoja. Walijenga kwa desturi inayofanana huku damu zao zikitofautiana, kama majirani wanaojifunza kwa kutazamana.

Nani achague nini

Anayetaka kuelewa jinsi jamii isiyo na dola inavyoweza kujenga kitu kikubwa, au anayependezwa na mifupa, mazishi na vinasaba, aanze Santa Catarina bila kusita. Maandishi mengi ya eneo hilo ni ya Kireno, na mwenye msingi wa Kireno, akiwamo msomaji kutoka kaskazini mwa Msumbiji, ana nafasi ambayo wenzake wengi hawana. Yapo majumba ya makumbusho ya masambaki huko Joinville na Florianópolis, na baadhi ya vilima bado vinaonekana kwa macho karibu na mnara wa taa wa Santa Marta.

Anayetafuta mbinu, yaani anayejiandaa kuchimba lundo la makombe yeye mwenyewe popote duniani, aanze Beagle na akubali kujifunza Kihispania cha kusomea. Kazi za Orquera na Piana zitampa nidhamu ambayo tarehe kubwa za kaskazini hazitampa.

Anayeandika kuhusu asili ya ufinyanzi au kilimo hana budi kwenda Amazoni, lakini ninamshauri asiende kwanza. Apite kwingine angalau kwa mwezi mmoja wa kusoma, ili atakapofika kwenye vigae vya Roosevelt awe anajua kuuliza vilitoka katika tabaka gani na tabaka hilo lilijifanyaje.

Na mtu asiye na muda wa yote hayo, mwenye nafasi ya kusoma ripoti mbili tu, achukue ile ya Jabuticabeira II na ile ya Túnel I, kwa mpangilio huo. Akishalizoea sambaki ambalo kila tabaka lake jeusi lina kaburi, aende kwenye pete za kome ambazo katikati yake palikuwa na moto, mtu na matandiko, kisha arudi tena kwenye tabaka jeusi la kwanza na kutafuta humo dalili za chajio cha kawaida kisicho na maiti.